Paul Cézanne na Mlima Wake: Mchoraji Aliyetaabika Mbele ya Kazi ya Mungu

Tunapotaja picha katika kurasa hizi, wengi hungojea habari za picha za watakatifu, za Njia ya Msalaba, ao za Bikira Maria juu ya altare. Leo twataka kusema juu ya mtu ambaye karibu maisha yake yote alichora milima, miti, nyumba, matunda, na watu wanaokaa kimya. Jina lake ni Paul Cézanne, Mfransa wa mji wa Aix-en-Provence, aliyezaliwa mwaka 1839 na kufa mwaka 1906. Wale wanaojua mambo ya uchoraji husema kama uchoraji wa karne ya 20 umetoka mikononi mwake.

Wengine watatuuliza: Mtu huyu anatuhusu nini sisi mafratri, mapadri na wakatekista? Hakuchora altare. Hakupamba kanisa. Tena hakuwa mtu mwenye tabia ya kufuatwa katika kila jambo. Maulizo hayo ni ya haki, nasi hatutaki kuyakimbia. Kuna watu wa namna mbili wanaoharibu habari ya Cézanne. Wa kwanza wanasema: alikuwa mchoraji tu, mambo ya dini yalikuwa woga wa uzee. Wa pili, nao ni watu wetu, wanataka kumvika taji la utakatifu kwa sababu alikwenda Misa, na kila mlima alioupaka wanaugeuza kuwa Kalvario. Sisi twaona kama wote wawili hawakutazama picha zenyewe. Basi tutazame picha kwanza, kiisha tutazame moyo wa mtu.

I. Mtoto wa tajiri aliyeogopa baba yake

Baba yake, Louis-Auguste, alianza na biashara ya kofia, akatajirika, na mwaka 1848 akafungua banki pamoja na mwenzake. Alitaka mwana wake awe mtu wa sheria, kiisha arithi banki. Paul alitii nusu nusu: tangu mwaka 1859 alisoma sheria katika mji wao, lakini moyo wake ulikuwa kwa rangi. Mwaka 1861 baba alikubali aende Paris. Miezi michache tu, kijana akavunjika moyo, akarudi nyumbani kuketi katika banki ya baba. Hapo akaona kama mahali pale si pake kabisa. Mwaka 1862 akarudi Paris. Shule kubwa ya serikali ya kufundisha uchoraji haikumpokea. Mwaka kwa mwaka alipeleka picha zake kwenye maonyesho makubwa yaliyoitwa Salon, nao wakazirudisha. Mara moja tu zilipita, mwaka 1882, na hata hapo ni kwa sababu rafiki mmoja aliyekuwa mwamuzi alimwingiza kama mwanafunzi wake. Cézanne alikuwa na miaka 43.

Woga wa baba ulimfuata hata alipokuwa mtu mzima. Mwaka 1869 alijuana na msichana Hortense Fiquet. Mwaka 1872 wakapata mtoto mwanamume. Cézanne alimficha mama na mtoto miaka mingi, kwa maana alihofu baba atamkatia fedha. Mwaka 1878 alikuwa na miaka 39, naye alikwenda Marseille kwa siri kumtazama mtoto wake. Akakosa gari la moshi, akarudi Aix kwa miguu, kilomita 30, akafika nyumbani akiwa amechelewa saa moja kwa chakula cha jioni. Baba alikuwa na desturi ya kufungua barua za mwana, akatambua mambo, akapunguza fedha. Rafiki yake Émile Zola ndiye aliyetuma fedha za kumlisha Hortense miezi ile. Ndoa ilifungwa mwezi wa Aprili 1886, serikalini kiisha kanisani. Mtoto alikuwa na miaka 14. Miezi michache baadaye baba akafa, akawaachia watoto wake mali nyingi.

Hatusimulii hayo kwa kumchekelea. Wala hatusemi kama kumficha mke na mtoto ni jambo dogo. Lakini ni vema mhubiri ajue kama mtu anaweza kuwa na miaka 39, akawa na ndevu na kipara, na bado moyoni akawa mtoto anayekimbia asichelewe mezani pa baba. Wale wanaoketi katika kiti cha maungamo watakutana na watu wa namna hiyo.

II. Mwalimu mnyenyekevu

Picha zake za ujana ni nyeusi na za ukali. Rangi zimerundikwa kwa kisu, watu wanauana, wanawake wanachukuliwa kwa nguvu. Ni picha za mtu anayepigana na giza lake mwenyewe, na kwa kusema kweli, nyingi si nzuri. Yeye alikuwa na nguvu, lakini nguvu zenyewe hazikuwa na bwana.

Aliyemsaidia ni Camille Pissarro, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas, wa jamaa ya Wayahudi. Tangu mwaka 1872 Cézanne alikaa Pontoise, kiisha Auvers, karibu naye. Walisimama pamoja inje, kila mmoja na picha yake. Pissarro hakumpa maneno mengi. Alimwonyesha namna ya kutazama: acha mawazo ya kichwani, tazama kitu kilicho mbele yako, weka rangi ndogo kwa ndogo, ulinganishe moja na nyingine. Kijana aliyepiga rangi kama mtu anayepiga ngumi akajifunza kuiweka kama fundi anayepanga matofali.

Matunda ya shule ile ni picha iitwayo La Maison du pendu, maana yake Nyumba ya Aliyenyongwa, ya mwaka 1873, ambayo leo iko Paris katika makumbusho ya Orsay. Jina linatisha, lakini ndani hakuna maiti wala kamba. Inasemekana jina lilitoka katika kukosea jina la mwenye nyumba. Twaona njia ya kijiji inayotelemka kati ya nyumba mbili, miti isiyo na majani, mapaa mbali, na anga. Hakuna mtu hata mmoja. Rangi ni nene kama udongo uliokandikwa ukutani. Anayeitazama kwa haraka atasema: ni kijiji tu. Anayekaa mbele yake atasikia uzito wa kuta zile na ukimya wa njia ile. Kwa mara ya kwanza Cézanne hakupiga kelele juu ya uchungu wake mwenyewe. Aliacha kuta na njia ziseme. Picha hiyo ilionyeshwa mwaka 1874 pamoja na za wenzake walioitwa Waimpresionisti. Watu wengi walicheka. Mtu mmoja mkubwa, Comte Doria, aliinunua.

Cézanne hakusahau mwalimu wake. Katika uzee, alipokuwa na jina, alijiandikisha katika maonyesho ya Aix kama mwanafunzi wa Pissarro. Lakini hapa lazima tuseme pia jambo la kuhuzunisha. Siku za mashitaka ya Dreyfus, yule afisa Myahudi aliyehukumiwa bure mwaka 1894, Cézanne alikuwa upande wa wale waliompinga, hali Pissarro alikuwa Myahudi na Zola aliandika waziwazi mwaka 1898 kumtetea Dreyfus. Sisi wakatoliki tusimrushie Cézanne mawe upesi, kwa maana magazeti ya wakatoliki wa Ufaransa, hata La Croix, yalikuwa mbele katika chuki ile. Mtaguso wa Vatikano wa pili umetufundisha mwaka 1965 namna ya kuwatazama Wayahudi. Mchoraji aliyejua kutazama jiwe kwa haki hakujua siku ile kumtazama mtu aliyeonewa kwa haki ileile. Macho mazuri ni zawadi, lakini hayatoshi.

III. Mlima

Mashariki ya Aix uko mlima unaoitwa Sainte-Victoire, wa mawe meupe, wenye kimo cha mita 1011. Cézanne aliujua tangu utoto. Alipanda huko na rafiki zake, waliogelea katika mto ulio chini yake. Alianza kuuchora kwa bidii karibu na mwaka 1880, hakuuacha hata kufa. Picha zake za mlima huo za rangi ya mafuta ni zaidi ya 30, bila kuhesabu zile alizopaka kwa rangi ya maji juu ya karatasi.

Tutaje mbili. Ya kwanza ni ya karibu mwaka 1887, na leo iko London katika makumbusho ya Courtauld. Mbele kuna msunobari mkubwa. Matawi yake yanapita juu ya anga, na mstari wa matawi unafuata mstari wa mlima, kama mtu anayepitisha mkono wake juu ya bega la rafiki aliye mbali. Kati yao kuna bonde lenye mashamba, nyumba, na daraja refu la gari la moshi. Kila kitu kina mahali pake. Mlima uko mbali, lakini si mdogo; mti uko karibu, lakini haumfichi mwenzake. Picha hii ilipoonyeshwa katika mji wake, kijana mmoja mtunga mashairi, Joachim Gasquet, aliisifu. Cézanne, aliyezoea kuchekwa na watu wa mji, alidhani anadhihakiwa. Alipoona kama kijana anasema kweli, akaandika jina lake juu ya picha akampa bure.

Ya pili ni ya miaka 1902 mpaka 1904, nayo iko Philadelphia, Marekani. Alikuwa amejenga nyumba ndogo ya kazi juu ya kilima cha Les Lauves, inje ya mji, na kutoka pale aliona bonde lote. Hapa msunobari umekwisha kuondoka. Bonde limekuwa vipande vya rangi, kijani, manjano ya udongo, buluu, vimewekwa kimoja kando ya kingine. Mtu akija karibu sana haoni nyumba wala shamba, anaona vipande tu. Akirudi nyuma hatua tano, nyumba zinasimama, mashamba yanalala, na mlima unainuka juu ya yote. Kijani cha bonde kimepanda mpaka mawinguni, na buluu ya anga imeshuka mpaka mashambani. Mbingu na inchi hazikuchanganyika, lakini zinapokeana.

Watu wa zamani walisema: mzee huyu hajui kumaliza. Ni kweli kama katika picha nyingi za mwisho kuna mahali palipobaki peupe, bila rangi. Yeye mwenyewe alikiri katika barua ya mwaka 1905 kama hakuweza kufunika kitambaa chote, kwa sababu rangi alizoziona hazikumpa njia ya kuunganisha kila mpaka. Angaliweza kujaza mahali pale kwa ujanja. Mchoraji wa kawaida angalitia kijani kidogo, na mnunuzi asingalijua. Cézanne hakukubali kuweka rangi asiyokuwa ameiona. Hapo ndipo sisi twaona ukubwa wake: pale peupe ni ungamo la mtu anayesema, hapa sijui, sitadanganya. Mangapi tunayojaza sisi, katika mahubiri na katika masomo, ili tu pasionekane peupe!

Kazi hiyo ilikuwa ya polepole kupita kiasi. Mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard anasimulia kama aliketi mara 115 ili achorwe, na mwisho mchoraji akasema kwamba sehemu ya mbele ya shati haikumchukiza. Katika barua kwa mwana wake, mwezi wa Septemba 1906, Cézanne alisema kama kando ya mto anaweza kufanya kazi miezi mingi bila kuondoka mahali pake, akiinama tu mara kuume, mara kushoto.

IV. Urafiki uliovunjika

Zola na Cézanne walikuwa rafiki tangu shule ya Aix. Inasimuliwa kama Zola, mtoto maskini wa mgeni, aliteswa na wenzake; Cézanne akamtetea, akapigwa kwa ajili yake, na kesho yake Zola akamletea kikapu cha matofaa. Matofaa yale Cézanne aliyachora maisha yote.

Mwaka 1886 Zola alitoa kitabu L'Œuvre, habari ya mchoraji mwenye nguvu nyingi ambaye hawezi kukamilisha kazi yake, na mwisho anajinyonga mbele ya picha isiyokwisha. Watu walimtambua Cézanne katika mchoraji huyo, ingawa Zola alichanganya watu wengi. Cézanne alimwandikia barua fupi ya shukrani, yenye adabu. Zamani ilisemwa kama barua ile ilikuwa ya mwisho kati yao. Siku hizi barua nyingine imeonekana, ya mwaka 1887, basi tusiseme kama mlango ulifungwa kwa siku moja. Lakini urafiki ulipoa na kufa. Zola alipokufa mwaka 1902, mzee wa Aix alilia kwa uchungu. Na mwaka 1906, sanamu ya Zola ilipofunuliwa katika mji wao, alilia tena mbele ya watu.

Je, Zola alikosea? Katika jambo moja alisema kweli: rafiki yake alitaabika kweli kwa kushindwa kufikia alichokiona. Lakini alikosea katika mwisho wa habari. Mchoraji wa kitabu anajiua kwa sababu kazi haifiki ukamilifu. Cézanne wa kweli aliamka asubuhi, akabeba mzigo wake, akarudi kuanza tena. Zola alidhani mtu ana njia mbili tu, kushinda ao kuvunjika. Njia ya tatu, kushindwa kila siku na kurudi kila siku, hakuiona. Sisi tunaosali Zaburi zilezile kila juma, tunaoungama zambi zilezile kila mwezi, twaijua njia hiyo ya tatu.

V. Imani ya mtu mwenye hofu

Karibu na mwaka 1891 Cézanne alirudi kwenye Sakramenti. Dada yake Marie, mwanamke wa dini, alimsukuma. Ugonjwa wa sukari ulimkumbusha kifo. Rafiki mmoja aliandika kwa Zola wakati ule kama Cézanne mwenyewe alikiri kwamba anafanya hivyo kwa woga, kwa maana hakutaka kujitia katika hatari ya moto wa milele. Wenye kudharau dini wanapenda habari hiyo.

Lakini walimu wetu wametufundisha kama hofu ya Mungu ni mwanzo wa hekima, na kama majuto yasiyo kamili pia yanaweza kufungua mlango. Hatuna mizani ya kupima moyo wake. Twajua tu matendo: alikwenda Misa siku ya Mungu katika katedrali ya Saint-Sauveur, aliwapa sadaka maskini waliongoja mlangoni. Twajua pia kama mapadri waliweza kumchosha. Aliogopa kushikwa nao kama samaki na ndoana. Tena mwezi wa Agosti 1906 alimwandikia mwana wake kama hawezi tena kusikia Misa, kwa sababu padri mmoja amechukua kinanda cha kanisa na anapiga vibaya kabisa. Mafratri wanaojifunza kinanda waweke neno hilo moyoni! Tucheke, lakini tusicheke sana: uzembe wetu unaweza kumkalisha mtu inje ya kanisa.

Sasa tufikie neno linalotugusa zaidi. Mwaka 1904 Cézanne aliandika barua kwa mchoraji kijana Émile Bernard. Ni barua inayojulikana sana, kwa sababu ndani yake anamshauri ayachukue maumbile kwa umbo la mcheduara, la mpira na la pia. Walimu wa shule wanairudia sehemu hiyo. Lakini wengi wanaruka sentensi inayofuata karibu. Anapoeleza mistari inayolala kama upeo wa macho, anasema kama mistari hiyo inatoa upana wa dunia, yaani wa mandhari ambayo Pater omnipotens aeterne Deus anaitandaza mbele ya macho yetu. Amemtaja Mungu kwa Kilatini. Wale wanaojua Misa kwa lugha ile watatambua mara moja maneno hayo yanatoka wapi: ni ya Prefasio, pale padri anaposema kama ni haki na wajibu kushukuru siku zote na mahali pote.

Tusipandishe sauti kupita kweli. Ni neno moja ndani ya barua, si kitabu cha teolojia; tena mzee yule alipenda kutia Kilatini cha shule katika barua zake. Lakini tazameni mahali alipoliweka. Hakuliweka katika mambo ya kanisa. Aliliweka katika mambo ya kazi, kati ya mistari na maumbo, anapofundisha namna ya kuchora bonde. Kwake bonde lilikuwa kitu kilichotandazwa na Mwingine. Kama ni hivyo, kazi ya mchoraji si kubuni dunia yake, ni kupokea. Ndiyo maana alikataa kudanganya hata upana wa kidole kimoja.

Juu ya msalaba tuseme pia. Mwaka 1875 wakristu wa inchi ile walisimika msalaba mkubwa juu ya Sainte-Victoire, wenye kimo cha karibu mita 19. Katika picha za Cézanne msalaba huo hauonekani. Wengine wamesikitika, wengine wametafuta maana ya siri. Sisi twasema: kutoka Les Lauves, zaidi ya kilomita 10, msalaba ule ni mwembamba kama sindano. Mtu anayejenga mlima kwa vipande vikubwa vya rangi hawezi kuutia bila kuukuza, na kuukuza ni kusema uongo wa macho. Msalaba uliosimikwa mlimani ni ushuhuda wa watu. Mlima ni kazi ya Mungu kabla ya watu. Mchoraji alishika la pili. Hatumlaumu, wala hatubuni msalaba pasipo nao.

VI. Je, uchoraji ni upadri?

Mwezi wa Januari 1903 alimwandikia Vollard kama anafanya kazi kwa nguvu, na anaiona kwa mbali inchi ya ahadi. Akajiuliza kama atakuwa kama yule kiongozi mkuu wa Waebrania, ao kama ataweza kuingia. Akaongeza ulizo lingine: je, sanaa si upadri, unaotaka watu safi walio mali yake kabisa?

Ulizo hilo limempendeza kila kijana mchoraji tangu siku zile. Sisi tulio karibu na altare twapaswa kulijibu. Kwanza, tuone haya. Mtu huyu wa rangi alidhani kama upadri maana yake ni kujitoa bila kubakiza. Je, watu wanaotutazama sisi wanadhani vilevile? Pili, tuseme hapana. Padri hapati upadri wake kwa usafi wake wala kwa jasho lake. Anaupokea, na Misa yake ni Misa hata siku moyo wake ni mkavu. Yule anayefanya kazi yake kuwa upadri anabeba peke yake mzigo ambao katika Sakramenti Kristu anaubeba. Hapo, kwa mawazo yetu, ndipo sehemu kubwa ya taabu ya Cézanne ilitoka. Kila picha iliyoshindwa ilikuwa kwake kama hukumu. Alitupa picha, alizipasua, aliwafukuza watu, aliishi mbali na mke wake. Mungu aliyetandaza bonde hakumwomba hayo yote.

Wala tusiseme kama kazi yake haikuwa sala kwa namna yake. Maurice Denis, mchoraji mkatoliki ambaye baadaye alianzisha pamoja na George Desvallières nyumba za kazi za sanaa takatifu, mwaka 1919, alimheshimu sana: mwaka 1900 alichora picha ya kumsifu, na mwezi wa Januari 1906 alimtembelea Aix. Denis alijifunza kwake kama picha lazima iwe ya kweli katika rangi na umbo kabla ya kuwa ya dini. Picha mbaya ya Yezu haiwi nzuri kwa sababu ni ya Yezu. Kuta za makanisa mengi zatoa ushuhuda wa jambo hilo, na si za Ulaya peke yake.

VII. Mvua ya mwisho

Alikuwa amesema kama ameapa kufa akichora. Tarehe 15 Oktoba 1906 alikuwa inje akifanya kazi, mvua kubwa ya radi ikamkuta. Akaanguka njiani. Walimrudisha nyumbani katika gari la mfua nguo. Kesho yake, mgonjwa vile, akatoka tena asubuhi kwenda bustanini Les Lauves, kumchora mtunza bustani wake, mzee Vallier. Akarudi akiwa hoi. Tarehe 22 akafa. Mke na mwana walikuwa Paris. Hawakufika kwa wakati. Mwaka uliofuata maonyesho makubwa huko Paris yalikusanya picha zake 56, na vijana waliozitazama wakabadili uchoraji wa dunia.

Basi, ndugu, tumpe heshima kiasi chake. Hakuwa mtakatifu wa kuigwa katika nyumba yake, wala katika hasira yake, wala katika jambo la Dreyfus. Lakini katika kutazama alikuwa mtu wa haki. Miaka zaidi ya 20 alirudi mbele ya mlima uleule, hakusema kamwe kama ameumaliza. Sisi tuna ukurasa wa Injili tunaousoma kila mwaka siku ileile, na mara nyingi twapanda mimbarini na maneno ya mwaka jana, kwa sababu twadhani tumekwisha kuuona. Tena kuna mgonjwa yuleyule wa kijiji kilekile, mzee yuleyule anayelalamika kila tunapopita. Tuwatazame tena, kuume kidogo, kushoto kidogo. Na pale tusipojua, tuache peupe, tumwombe Mungu aliye Baba, mwenyezi na wa milele, atujalie siku moja kuingia inchi ambayo mzee wa Aix aliitazama kwa mbali.